Tairi za Nyota

"Hii nyota ni ya nini?" Sylvance aliuliza, kidole kikiwa kwenye ubavu wa tairi.

Ilikuwa alama ndogo: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake kitu kama nyota. Mtaani Mbotela watu waliziita tairi zenye alama hiyo tairi za nyota na kuamini kuwa nyota ni daraja la ubora, kama la hoteli. Nahashon, fundi wa tairi kando ya Barabara ya Jogoo, alijua kuwa si nyota. Ni chembe ya theluji. Tairi hizo zilitengenezewa nchi za baridi kali. Mpira wake ni laini. Kwenye lami yenye joto hulegea, na lami hiyo ikilowa, gari huchelewa kusimama. Zilifika Nairobi zikiwa zimevaliwa na magari yaliyotumika Japani, na kila mteja aliyekuja nazo Nahashon alimshauri azivue siku hiyohiyo.

"Omera, ndugu yangu, nizibadilishe ama zinafaa?"

Sylvance alikuwa karani wa kaunti, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi. Gari lake lilikuwa bado na harufu ya meli.

Nahashon alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

Wiki hizo, jioni, gari hili lilikuwa likisimama nyuma ya ukuta wa kanisa. Kutoka mlangoni kwake aliona paa lake tu na vichwa viwili. Lilisimama kwa kushtuka, likasogea kidogo, likasimama tena, kama gari la watu wasiotaka kuachana. Kisha Sylvance alitoka, akazunguka boneti hadi upande wa pili, na hapo ndipo Apondi, mke wa Nahashon, aliposhuka. Alifunguliwa mlango. Nahashon hakuwahi kumfungulia mtu mlango wa gari.

Apondi alisema ni mazoezi ya kwaya. Lakini siku hizo hakuimba hata jikoni. Viatu vyake vya visigino alikuwa ameviweka juu ya kabati. Akitoka jioni alivaa raba, na akirudi alikuwa na jasho kwenye paji la uso na tabasamu alilolificha akiinamia sufuria.

Na Teresiah, muuza chapati wa jirani, hakumpa nafasi ya kusahau. "Fundi! Bibi yako siku hizi anashushwa kama waziri. Wewe utamtembeza kwa miguu mpaka lini?"

Nahashon aliinama, akaligonga tairi kwa kiganja.

"Zinafaa," alisema.

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hasa mvua ikinyesha."

Hakutaka mtu afe. Alitaka siku moja gari limkatae Sylvance mbele ya watu, limwingize mtaroni na shati lake lililopigwa pasi. Alijaza upepo tairi zote nne, akakataa malipo. Sylvance alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Usiku huo, wakila, Apondi alisitisha tonge la ugali mkononi.

"Baba Amondi, ni kweli gari huteleza zaidi mvua ikianza tu, kuliko ikishanyesha sana?"

Nahashon alimtazama. Kumbe mapenzi yamefika mpaka kwenye tairi.

"Muulize mwenye gari."

Apondi alicheka. "Yeye anajua nini? Wewe ndiye unajua."

Ilikuwa kweli. Mvua ya kwanza huchanganyika na oili na vumbi la lami kabla haijavisafisha, na kwa tairi za theluji hatari huongezeka. Alikuwa na jibu lote mdomoni. Alilimeza pamoja na tonge.

Jumamosi alasiri, mvua ya kwanza ya msimu ikaanza kugonga mabati ya karakana. Barabara ya Jogoo, iliyokuwa imechomwa na jua tangu asubuhi, ilifuka mvuke. Malori ya viwandani yalipiga honi kwenye mzunguko. Bodaboda ikasimama, na Sylvance akaingia mbio, gazeti likiwa juu ya kichwa.

Nahashon alitazama nyuma yake. Hakukuwa na gari. Kitu kama furaha kilimpanda kifuani.

"Gari liko wapi?"

"Linakuja, limeshatoka Mbotela." Sylvance alijipangusa maji, akicheka. "Mimi nimetangulia. Nilitaka nione uso wako, fundi."

"Uso wangu una nini?"

"Ngoja tu."

Kwa hiyo alikuwa amekuja kumcheka mpaka kazini. Nahashon aliokota spana kubwa kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akatoa simu. Angempigia Apondi papo hapo, mtu huyu akisikia. Amuulize yuko wapi, na uongo wake wausikie wote wawili.

Simu ikaita. Wimbo wa kanisa ukaanza kulia mle ndani ya karakana, ule ambao Apondi aliuchagua mwenyewe uwe mlio wa simu yake. Ulitoka kwenye mfuko wa shati la Sylvance.

Nahashon aliinua spana.

Sylvance hakuiona. Alikuwa ameinama akiitoa ile simu, bado akicheka, na akaiweka juu ya rundo la tairi kuukuu.

"Usimpigie, omera. Leseni yake imetoka jana, leo ndiyo mara yake ya kwanza kuendesha peke yake, na nimemfundisha kuwa dereva hashiki simu. Mawingu yalimtisha kidogo, lakini nikamwambia asiogope: hizo tairi zimepitishwa na mume wake mwenyewe."