Mshale Kwenye Nusu

"Muuaji! Kusanya makopo yako utoke humu kabla jua halijazama!"

Mjomba wa marehemu alilipiga teke sanduku la vifaa, koleo zikatawanyika uani. Fundi wa kuchomelea hakuziokota. Alipanga chumba cha mwisho katika nyumba ile, karakana yake kibanda cha bati kilichoegemea ukuta. Tangu Chapchap azikwe, hakuna jirani aliyeitikia salamu yake.

"Mjomba, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize wewe? Tangi limekauka kama mfupa, geji ya mafuta inasema nusu! Pikipiki imemzimikia kijana katikati ya daraja, lori liko mgongoni. Nani alilichomelea lile tangi?"

"Mimi."

"Haya!"

Mama Chapchap alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake, vidole vikifinyanga ncha ya mtandio.

"Nusu," alisema kwa sauti iliyokaukiwa na kilio. "Niliuona mshale kwa macho yangu. Ulikuwa kwenye nusu."

Majirani walizidi kujaa. Ugomvi wa watu wengine hauhitaji mwaliko.

"Alitaka tangi kubwa apate kwenda safari za mbali," fundi alisema. "Nikaliongeza tumbo. Sasa lile boya la ndani, linalosukuma mshale, likishuka linagota kwenye mshono mpya. Haliendi chini zaidi. Hata mafuta yaishe yote, geji itasema nusu. Nilimwambia siku ileile, nikamchongea na kijiti cha kupimia."

"Maneno ya mkosaji hayo."

"Hapana, mjomba, kijiti alikuwa nacho," alidakia mshonaji wa chumba cha kati, mwanamke asiyepitwa na jambo. "Alikiita daktari. Kila jioni akirudi anafungua kifuniko, anamtumbukiza daktari, ndipo anakwenda kulala. Alfajiri hana habari, anapanda anaondoka. Tulimcheka mpaka tukachoka."

"Na jioni ile ya mwisho?" mjomba aliuliza.

"Alipima nikimwona. Akanionyesha kijiti kilivyolowa: 'Dada, haya nafika ng'ambo na kurudi, na mengine yanabaki.'"

Mjomba alimgeukia fundi tena. "Basi tangi linavuja. Kazi yako ileile mbovu!"

Fundi alikwenda pembeni, akaondoa gunia juu ya mabaki ya pikipiki. Lori lilikuwa limekula gurudumu la nyuma na kiti; tangi halikuguswa. Akalifungua, akaliweka juu ya matofali mawili, akalijaza maji hadi shingoni. Watu wakachuchumaa kulizunguka kama wanaosubiri yai lianguliwe.

Vumbi chini ya tangi lilibaki vumbi.

"Halivuji," alisema mshonaji.

"Basi ni mwizi," mtu akasema nyuma.

Hapo ndipo ua ulipopoa. Geti lao lilifungwa kila usiku kwa komeo la ndani. Mwizi wa nje angepita wapi? Watu wakaanza kutazamana, na jicho la mjomba likasimama kwa mshonaji.

"Usinitazame mimi!" aling'aka. "Usiku ule umeme ulikatika, sote tulikuwa sebuleni kwa mama hapa tukitazama tamthilia, watoto mpaka chini ya meza. Kama si jenereta ya mama, nani angekuwa na taa humu? Aliyelala ni Chapchap peke yake."

"Naye mwenyewe alisema," mwingine akakumbuka, "'Pikipiki yangu imekuwa mlevi, siku hizi inakunywa hata ikiwa imelala.'"

Mmoja alicheka. Kisha akajiziba mdomo.

"Fundi." Ilikuwa sauti ya Mama Chapchap, ndogo. "Habari hii ya geji. Mbona mimi sikuambiwa?"

"Alinikataza, mama. Alisema ukijua utamzuia asiipande."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Vidole vyake viliacha kufinyanga mtandio. Akalitazama tangi, na maji yaliyojaa hadi shingoni.

"Mwacheni," alisema. "Hana kosa."

"Dada, unasemaje?"

"Nimesema mwacheni! Mrudishieni vifaa vyake. Na msimtafute mwizi. Hakuna atakayehama humu kwa ajili ya mwanangu."

Mshonaji aliangua kilio. Ua mzima ukasema huyo ndiye mama, uchungu wa kuzaa na bado anasamehe. Mjomba, kichwa chini, aliokota koleo moja baada ya nyingine, fundi akazipokea kwa mikono miwili.

Jioni ilipoingia umeme ulikatika kama kawaida yake. Watu walitawanyika vyumbani; kwa mama hakuna aliyekwenda, msiba ni msiba. Yeye alibaki mlangoni, amesimama.

"Fundi, hujala tangu asubuhi."

"Nimeshiba maneno, mama."

"Maneno hayashibishi. Ingia. Utavumilia giza, jenereta haina hata tone."

Fundi alivua viatu. Alipousukuma mlango, kitu kiligonga mkono wake: mpira mwembamba, uliokunjwa vizuri, umetundikwa msumarini. Alijua ni wa nini kabla hajaunusa.

Mama hakugeuka. Alikuwa akipapasa mezani, akitafuta sahani ya pili.

"Kila nilipochota mafuta niliwasha ufunguo kwanza, nikatazama mshale," alisema. "Sikuwahi kumkausha mwanangu, fundi. Siku zote nilimwachia nusu. Karibu, kaa ule."