Kiboko Aliyeziba Bwawa

Ukuta wa bwawa ulipopasuka, wanyama walimwomba Kiboko alale kwenye ufa ili maji yao yasipotee. Wakamwekea sheria moja: ale mafungu mawili ya majani watakayomletea kwa siku, asizidishe. Kiboko akala kumi, na nani angemzuia? Akanenepa, na ufa nao ukazidi kupanuka kwa unene wake.

Digidigi, ambaye watoto wake walilala njaa, akaenda kumwita Nyegere, mkaguzi asiyemwogopa yeyote.

"Umevunja sheria. Toka hapo!" Nyegere akafoka.

"Sawa, mheshimiwa," Kiboko akajibu kwa upole. Akainua ubavu mmoja tu. Maji yakatoka kwa kishindo, wanyama wakapiga mayowe.

"Rudi! Rudi, tafadhali!" Nyegere akalia.

Siku hiyohiyo mkaguzi akatoa sheria mpya: kila mnyama alete mafungu mawili zaidi, maana Kiboko akikonda, maji yatapita ubavuni mwake.

Digidigi alifika wa mwisho, mbavu zake zinahesabika. Akamtilia Kiboko mdomoni majani aliyokuwa amewafichia watoto wake.

"Kula, mzee," akasema. "Nakuomba usikonde."