Kicheko cha Mbwa Msibani

Sikilizeni yaliyompata Mbwa siku ya kumzika rafiki yake Punda.

Jua lilikuwa la utosi. Farasi, aliyekuja mbio asije akaonekana kachelewa, alisimama mbele huku jasho likimtiririka mashavuni hadi kidevuni.

"Tazameni binamu wa marehemu anavyolia," akasema Bi Ng'ombe, msimamizi wa mazishi. "Huyo ndiye mwenye uchungu."

Farasi akainamisha kichwa ili jasho litiririke vizuri.

Mbwa naye hana jasho la kumpoza mwili. Joto lake hutoka kwa mdomo, kwa hiyo alikuwa ameachama, ulimi nje, anahema.

"We Mbwa," akafoka Bi Ng'ombe, "unacheka nini msibani?"

"Sicheki, shangazi. Ninahema."

"Meno yote nje, halafu hucheki? Funga mdomo au ondoka."

Mbwa akafunga. Alichotaka ni kumwona Punda akiteremshwa, basi. Lakini joto likampanda kichwani, akaachama tena bila kupenda. Wakamfukuza kabla mwili haujashushwa.

Jioni upepo ukavuma. Farasi akakauka, na kilio chake kikaishia hapo hapo.

"Shangazi," akauliza, "chakula kinagawiwa wapi?"

Wote wakaenda kula. Mbwa akarudi peke yake, mdomo umejifunga wenyewe kwa ubaridi, akajilaza juu ya kaburi. Udongo ulikuwa bado una joto la mchana, kama ubavu wa Punda aliouegemea kila msimu wa baridi. Akajibana nao, akiomba usipoe upesi.