Ukuta wa Marehemu

Mwenyekiti wa mtaa ule wa matajiri alikataa turubai la msiba lisimikwe barabarani.

"Shemeji, sheria zetu unazijua. Barabara haifungwi."

"Na uani hapatoshi," alisema Bi Siwema, mjane. "Waombolezaji niwakalishe wapi? Juu ya ukuta?"

Marehemu mumewe ndiye aliyejenga ukuta wa kwanza mtaani, wengine wakamwiga. Bi Siwema aliutazama kidogo, kisha akawageukia vijana wa turubai.

"Bomoeni huu wa mbele. Turubai lifike kwenye majani ya nje, barabara tusiiguse."

"Shemeji! Mumeo alijivunia ukuta huu!"

"Wamzike nao, basi?"

Adhuhuri turubai lilikuwa limesimama. Jirani wa mkabala alitoka na kiti, akasimama getini kwake, akiitazama nyumba ambayo hakuwahi kuiona.