Picha Namba Nne

Makamu mkuu wa shule alipopasua bahasha mbele ya bwalo zima, Jaji alikuwa amekwisha kuandaa uso wa unyenyekevu. Alikuwa akiufanyia mazoezi bafuni tangu asubuhi.

"Picha namba nne," makamu alisoma, "iliyoongoza kwa kura nyingi kupita kiasi, ni ya mgahawa wa Shefu."

Bwalo lilishangilia. Uso wa unyenyekevu ulibaki pale pale, kama shati lililosahauliwa kwenye kamba.

Jaji hakuwa jaji. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha picha, kidato cha tatu, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kunywa hata uji bila kuutolea hukumu. Shindano lilikuwa wazo lake: migahawa saba ya mtaani, mabakuli saba ya rameni, zile tambi zinazoogelea kwenye supu nzito na yai juu. Picha saba zingebandikwa ukutani kwa namba, bila majina, na wanafunzi wangepiga kura kwa macho tu. Mshindi angelisha wageni mia tatu siku ya mahafali.

Mgahawa mmojawapo ulikuwa wa mama yake. Tangu Shefu afungue wake ng'ambo ya barabara, mama alikuwa akipanga viti asubuhi na kuvipangua jioni, na katikati ya hapo hakuna aliyevisumbua.

"Nisipopata hiyo kazi ya mahafali," alimwambia Jaji bila kuinua macho kutoka kwenye kitunguu, "mwezi ujao narudisha funguo kwa mwenye nyumba."

Basi Jaji alipiga picha zake kwa haki iliyotukuka. Kwa Shefu alikaa saa nzima. Shefu alipanga tambi kwenye bakuli jeusi linalong'aa, akalaza yai kwa kibanio kama daktari anayeshona jeraha, akageuza jani moja la kitunguu mara tisa. Walipomaliza, tambi zilikuwa zimevimba na supu imepoa kabisa. Picha ilimeremeta.

Kwa mama alikaa dakika mbili. Mama alimimina supu kwenye bakuli lake jeupe la bati, lile lililobanduka rangi ukingoni tangu Jaji, akiwa na miaka sita, alipolivaa kama kofia ya vita na kuuvamia ukuta.

"Mama, hakuna bakuli jingine?"

"Hili lina kosa gani?"

"Basi subiri nipange yai. Na mvuke unaingia kwenye kamera."

"Chakula si bwana harusi, kikae kusubiri picha. Piga, halafu ule."

Alipiga, akala. Hakuacha hata tone, lakini hilo halingeonekana kwenye picha.

Jioni hiyo, bwenini, alizitazama zile picha mbili kwa muda mrefu, masikio yakimwaka moto. Kisha akaandika orodha: namba hii, mgahawa huu. Alifuta mistari miwili akaiandika upya, kwa kuwa mwandiko safi nao ni sehemu ya haki. Akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akamkabidhi makamu kabla kura ya kwanza haijapigwa.

Wiki nzima wanafunzi walisimama mbele ya ukuta. Kiranja wa bwalo, mtu ambaye hajawahi kusifu chochote kinacholiwa, aliganda mbele ya namba nne.

"Hii inanikumbusha siku niliyougua nikiwa nyumbani," alisema. "Wala sijui kwa nini."

"Kura ni siri, ndugu," Jaji alimwambia, akaanza kuwahesabu waliosimama nyuma yake.

Jumamosi baada ya matokeo alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Alitamani akute mama amekasirika. Mama alikuwa anafuta viti.

"Walipiga kura wenyewe?" aliuliza. "Hukuwashawishi?"

"Sikumshawishi mtu."

"Basi nakushukuru. Ungenipendelea mimi, ningeinamisha uso mtaa mzima."

Jaji alivichunguza viatu vyake. Vilikuwa viatu vya kawaida.

"Twende tukampongeze mwenzetu," mama alisema, akivua aproni.

"Ana wateja wengi leo, Mama."

"Nataka kuiona hiyo picha. Mtu akikushinda, angalau ujue amekushinda kwa kipi."

"Ameitundika juu sana. Hutaiona vizuri."

"Nitavaa miwani."

Ilikuwa kweli. Shule ilikuwa imeitia picha ya mshindi kwenye fremu nzuri ya kutundikwa mahali pa heshima, na Shefu alikuwa ameitundika juu ya friji, nusu yake nyuma ya maua ya plastiki. Alipowaona wakivuka barabara, alianza kufuta meza iliyokuwa kavu.

"Hongera, kaka," mama alisema, akimpa mkono. "Umetushinda kihalali."

"Asante, dada." Shefu alimtazama Jaji, kisha akaitazama sakafu. "Ni bahati tu. Tena karibuni mkae huku mbele, kuna upepo."

"Hatukai. Nimekuja kuiona picha."

Shefu alisimama mbele ya friji. Mama akamwomba radhi, akampitia pembeni, akavaa miwani. Kwa kidole kimoja aliyasukuma maua ya plastiki.

Alitazama kwa muda mrefu. Alipogeuka, hakumgeukia Shefu.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kofia yako ya vita imefikaje huku?"