Kadi ya Nakijwa

Mama alipotimiza miaka sabini, kumbukumbu zake zilichukuliwa kama za wazee wote, na sheria ikampa mtoto anayeishi naye kazi ya kumwandikia kadi. Basi kaka yangu Eliamini ndiye aliyeandika. Kopo la sukari lina kadi, jiko lina kadi, na sisi watu tumo ndani ya kisanduku karibu na mlango, tumepangwa kwa alfabeti.

Nilipobisha hodi, Mama aliuliza jina langu, nikasikia vidole vyake vikipekua.

"Karibu ndani, Nakijwa."

Akanimiminia chai ya tangawizi, akaketi kungoja nimalize. Kadi aliiacha mezani. Mwandiko ulikuwa wa Eliamini: *Nakijwa. Jirani wa zamani. Apewe chai, asilale.*

Mimi naye, tangu tugombanie shamba la Baba, hatusalimiani. Sikujua kwamba angefika huku.

"Mama, mimi ni binti yako wa kumzaa. Eliamini amekudanganya."

Alinitazama kwa huruma, kisha kwa woga. "Eliamini ni mwanangu," akasema. "Kadi yake inasema hivyo."

Alinisindikiza kwa adabu zote, akafunga mlango kwa komeo. Kupitia dirishani nilimwona akiwahi kalamu kabla hajasahau. Aliandika chini ya jina langu taratibu, akijisomea kwa sauti:

"Anajidai binti yangu. Asifunguliwe tena."