Swali la Pimbi kwa Wenzake Mia Tatu

Wanyama fulani walitunga programu kwa lugha moja ya kompyuta, nao walikuwa na orodha yao ya barua pepe: ukituma barua moja, inawafikia wote mia tatu. Pimbi, mgeni mwenye haya, alitunga programu ya kufungulia mfereji wa bustani yake. Zamu yake ya maji ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa programu iligoma. Mchicha ukaanza kunyauka.

Akamwandikia faraghani Nungunungu, aliyeibuni lugha ile. "Mzee, nakosea wapi?"

"Sijui. Uliza kwenye orodha."

"Fisi atanicheka."

"Huenda. Uliza tu."

Pimbi akaandika, akafumba macho, akatuma. Wa kwanza kujibu alikuwa Fisi: "Hata mimi Ijumaa hunigomea. Nilidhani ujinga ni wangu peke yangu." Kakakuona akasema vivyo hivyo, kisha wengine arobaini.

Nungunungu akaikagua lugha yenyewe, halafu akawaandikia wote: "Ndugu zangu, kosa ni langu. Nilihesabu siku kuanzia Jumamosi, nikaishia Alhamisi."

Ijumaa iliyofuata maji yakaingia bustanini. Siku hiyo Konokono, aliyesoma barua za wenzake miaka sita bila kuandika neno, akatuma swali lake la kwanza.